Jeshi mchanganyiko katika Battle for Wesnoth: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila tunapokutana kucheza hapa Lubumbashi. Wanaoyauliza ni wadogo walioanza juzi, na pia wakubwa ambao wanaishinda kompyuta bila shida, lakini wakikaa mbele ya mtu wanapigwa kabla ya machweo ya kwanza. Majina ya askari nimeyaandika jinsi tunavyoyataja tukicheza. Kwenye kioo utayaona kwa Kifaransa au kwa lugha uliyochagua. Bei na nguvu ninazotaja ni za askari wa ngazi ya kwanza katika mechi ya kawaida ya watu wawili. Hurekebishwa kidogo toleo kwa toleo, kwa hiyo soma maelezo ya askari kabla ya kutoa dhahabu.

## Misingi

Huu mchezo ni upi, na unalipiwa?

Ni mchezo wa vita vya zamu katika dunia ya elfi, orki, madwarfu, wafu wanaotembea na madrake wanaopumua moto. Aliyeuanzisha ni David White, mwaka 2003, na tangu hapo umeendelezwa na watu wa kujitolea. Haulipiwi kwenye kompyuta, programu yake iko wazi, na unachezeka kwenye Windows, Linux na Mac. Ukishaupakua hauhitaji intaneti tena, na kompyuta kuukuu inaubeba. Kwa mji wenye mega (data za intaneti) ghali na delestaji (kukatwa umeme kwa zamu), hilo si jambo dogo.

Jeshi mchanganyiko ni kununua mmoja wa kila aina?

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mchanganyiko ni kugawa kazi: nani anashika mstari, nani anavunja, nani anaponya, nani anakimbilia vijiji. Askari wa aina sita wasiojua wasimame wapi hupigwa na orki watano wa aina moja waliopangwa vizuri. Timu ya washambuliaji kumi na mmoja haichukui kombe, hata ukiwavika jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe.

Nikipima jeshi la mtu siangalii kwanza alinunua nini. Naangalia askari wake wamesimama wapi anapomaliza zamu yake, maana mpinzani ndiye atakayecheza sasa, na atachagua wa kumpiga.

Kwa nini askari wangu mwenye nguvu anakosa hovyo?

Kwa sababu nafasi ya kupiga haitokani na nguvu yake. Inatokana na mahali aliposimama anayepigwa. Binadamu kwenye nyasi ana kinga ya asilimia 40, maana yake unampata mara 60 kwa 100. Huyohuyo akiingia kijijini au kwenye ngome, kinga yake inakuwa 60. Ndani ya maji ya kina kifupi inashuka hadi 20. Dwarfu ana 30 tu kwenye nyasi, lakini mlimani ana 70. Elfi msituni ni tabu tupu kumgusa.

Chukua mtu wa mkuki anayedunga mara tatu. Adui akiwa kwenye nyasi, nafasi ya kukosa zote tatu ni kama asilimia 6. Adui akiwa kijijini inapanda hadi karibu 22. Mchawi yuko nje ya hesabu hii: uchawi wake unapata mara 70 kwa 100 popote adui alipo. Ndiyo maana mchawi mmoja katika jeshi ni ufunguo wa kumtoa adui aliyejificha pazuri, si pambo.

Na mbona mkuki wangu unamkwaruza tu mifupa (mfu wa mifupa mitupu)?

Hilo ni suala la mwili, si la mahali. Kila pigo lina aina yake: kukata, kudunga, kuponda, moto, baridi, na nguvu takatifu. Kila mwili una aina unayoihimili na aina unayoiogopa. Mkuki wenye nguvu 7 ukigonga mifupa unashuka hadi 3, maana hakuna nyama ya kudunga. Rungu la askari mzito lenye nguvu 11 linapanda hadi 13, kwa sababu mifupa inapondeka. Moto wa mchawi nao unaiumiza zaidi.

Madrake ni kinyume: ngozi yao inacheka na moto, lakini mkuki na mshale vinawaingia vizuri, na baridi zaidi. Miti inayotembea haijali sana mishale, ila moto unaimaliza. Hapa ndipo hitaji la kuchanganya linapozaliwa: jeshi la aina moja ya pigo linangoja tu siku litakapokutana na mwili unaolidharau.

## Kununua

Nina dhahabu 100. Nianze na nini?

Ukiwa na kundi la binadamu, watiifu wa mfalme, na humjui mpinzani, nashauri watu wa mkuki watatu (42), mchawi mmoja (20), mpanda farasi wa upanga mmoja (17), na mtu-samaki mmoja (14) kama ramani ina maji ya kutosha. Jumla ni 93. Mikuki inashika mstari, mchawi anafungua, farasi anawahi vijiji vya mbali, mtu-samaki anaziba njia ya maji ambayo wengi huisahau.

Ukishaona kundi la mpinzani, badilisha. Wafu wakitokea, ongeza mchawi wa pili na askari mzito. Madrake wakitokea, mikuki zaidi na wapiga upinde. Usinunue jeshi lote kabla hujamwona mtu.

Niwe na askari wangapi?

Wengi kadiri vijiji vinavyoweza kulisha, na kidogo zaidi. Kila zamu unapata dhahabu 2 za msingi, na kila kijiji kinakupa 2 nyingine katika mpangilio wa kawaida. Kijiji hichohicho kinalipia posho (gharama ya kumtunza askari, dhahabu 1 kwa kila ngazi) ya ngazi moja ya askari. Una vijiji 6 na askari 8 wa ngazi ya kwanza? Unaingiza 14, unatoa 2 za wawili waliozidi, unabaki na 12. Kiongozi wako hahesabiwi.

Kwa hiyo kijiji kimoja kikihama kutoka kwako kwenda kwa mpinzani, wewe unashuka na yeye anapanda. Mpanda farasi anayeiba vijiji nyuma ya adui anapigana vita hata kama hajamgusa mtu.

Askari wa ngazi sifuri wana faida yoyote?

Wanayo. Hawadai posho, ni rahisi, na wanapokea kipigo ambacho kingempata mwenye thamani. Lakini hawana eneo la ulinzi (soma swali linalofuata), kwa hiyo usijenge nao ukuta ukategemea hakuna atakayepita.

## Mstari

Eneo la ulinzi linafanyaje kazi?

Kila askari wa ngazi ya kwanza na kuendelea anatawala vigae sita (vyumba vya pembe sita vya ramani) vinavyomzunguka. Adui akikanyaga kimojawapo, mwendo wake wa zamu hiyo umekwisha. Anaweza kupiga, lakini hawezi kuendelea kutembea.

Faida yake ni kwamba huhitaji kusimamisha watu bega kwa bega. Kati ya askari wako wawili unaweza kuacha vigae viwili vitupu katika mstari ulionyooka, na bado adui hapiti kwa zamu moja, kwa sababu vyote viwili vinatawaliwa. Ukiacha vitatu, cha katikati kiko huru, na farasi wake atakuwa kwa mchawi wako kabla hujavuta pumzi. Watu wanne wanaweza kufunga bonde ambalo ungedhani linahitaji kumi.

Wapo wanaopenya bila kujali ulinzi huu, kama mtu wa kitara na wapenyaji wa saurian (watu-mijusi). Ukiwaona upande wa pili, funga mapengo yaliyo mbele ya mponyaji wako.

Kwa nini mstari wangu unavunjika palepale kila mara?

Mara nyingi jibu liko katika umbo la vigae. Katika ramani za mchezo huu, mstari unaokwenda kaskazini–kusini umenyooka: kila askari anaguswa na maadui wawili kwa mbele. Mstari wa mashariki–magharibi unakwenda kwa zigizagi. Aliyechomoza anaguswa na watatu. Aliyeingia ndani anaguswa na mmoja tu.

Watu wengi hawalioni hili kwa miezi. Wanapanga jeshi lao kwa upana wa kioo, wanamweka mchawi mwenye uhai 24 penye ncha, halafu wanalaumu bahati. Weka askari mzito, au mkuki mwenye uhai mwingi, kwenye ncha, hasa ikiwa ni kijiji au kilima. Mchawi na mpiga upinde waingie kwenye mashimo ya zigizagi. Mstari uleule, watu walewale, ila sasa mpinzani akitaka kumfikia mchawi ana mlango mmoja tu.

Kabla ya kubonyeza mwisho wa zamu, pitia kila askari wako dhaifu na uhesabu kwa kidole vigae ambavyo adui anaweza kusimama akampiga. Kimoja kinavumilika. Viwili, fikiri tena. Vitatu, msogeze.

Mponyaji asimame wapi?

Nyuma ya mstari, mahali anapogusa wengi. Uponyaji wake unafika mwanzoni mwa zamu yako kwa wote wanaogusana naye, lakini yeye mwenyewe hajiponyi. Mganga wa elfi anarudisha uhai 4 kwa kila mmoja. Waganga wa ngazi za juu hufika 8. Waganga wawili wakimgusa mtu mmoja hawajumlishwi, kwa hiyo watawanye.

Nimrudishe lini aliyejeruhiwa?

Anapokuwa na uhai mdogo kuliko kile ambacho maadui wawili wanaweza kumtoa, si anapobaki na 3. Mpeleke kijijini, apate 8 kila zamu, na aliyepona achukue nafasi yake. Jeshi mchanganyiko huishi kwa kupokezana hivi. Jeshi lisilopokezana hubaki na nusu ya watu wake wakati wa shambulio la pili, na ninaona mechi nyingi zikipotea pale.

## Mchana na usiku

Saa za mchezo zinaathirije vita?

Duru moja ina zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, kisha zamu mbili za usiku. Askari wa mchana wanaongezewa robo ya nguvu asubuhi na alasiri, na wanapunguziwa robo usiku. Wa usiku ni kinyume. Alfajiri na machweo hakuna anayependelewa. Elfi na madwarfu hawajali saa.

Robo inasikika ndogo. Iangalie kwa karibu: mtu wa mkuki mwenye 7 anakuwa na 9 mchana na 5 usiku, kwa madungo matatu. Orki wa kawaida mwenye 9 anakuwa na 11 usiku na 7 mchana, kwa mapigo mawili. Wawili walewale, kigae kilekile: mchana mkuki una uwezo wa kutoa 27 dhidi ya 14, usiku 15 dhidi ya 22. Anayepigana na orki usiku kwenye nyasi ameamua kupoteza.

Rudi nyuma usiku, shika vijiji na vilima, acha orki waje kwenye kinga zako. Panga kurudi kwako kuanze machweo. Ukingoja usiku uingie, wapanda mbwa mwitu wao watakukuta mgongoni.

Jeshi langu lina wa mchana na wa usiku kwa pamoja. Nifanyeje?

Hili ndilo swali tamu kuliko yote, na linawahusu hasa wenye madrake. Madrake ni wa mchana. Saurian wanaokwenda nao ni wa usiku. Anayenunua madrake peke yao anavuma mchana na kukimbia usiku, na mpinzani mzoefu anamngojea gizani. Saurian wawili au watatu hubadili hali hiyo: usiku wanaponya, wanarusha uchawi wa baridi, wanapenya kumaliza waliojeruhiwa, huku madrake wakipumzika vijijini. Saurian hawa wana uhai mdogo sana, kwa hiyo wasishike mstari. Kazi hiyo mpe drake wa ardhini mwenye deraya, ambaye haogopi mkuki kama ndugu zake.

Madwarfu nao hawana saa, lakini wahuni wanaoajiriwa pamoja nao, yaani mwizi, jangili na wenzao, ni wa usiku. Mchana dwarfu akae mbele mlimani. Usiku mwizi atoke.

## Kushambulia

Nani aanze kupiga?

Anaanza yule ambaye adui hawezi kumjibu, au yule atakayempunguza adui kwa ajili ya wengine. Mfano: orki mwenye uhai 38 amejitokeza kwenye nyasi, ni asubuhi, wewe una mganga wa elfi, mchawi, mpiga upinde na mpiganaji wa upanga. Orki huyu hana silaha ya mbali.

Mganga atangulie na mizizi yake. Madhara ni kidogo, lakini ikimpata orki, amekwama: nguvu yake inakuwa nusu, hata katika zamu yake inayofuata. Mchawi afuate na mapigo matatu ya 9, kisha mpiga upinde na manne ya 5. Mpaka hapo hakuna aliyeguswa hata kidogo. Mpiganaji wa upanga aje mwisho. Orki aliyekwama atamjibu kwa mapigo mawili ya 3. Ungemtanguliza yeye, angekula mawili ya 7.

Kabla ya kumgusa wa kwanza, amua kila mmoja atasimama kigae gani. Kigae ambacho adui waliobaki hawatakifikia ni cha mchawi. Wengi hupiga kwanza, kisha wanagundua nafasi iliyobaki kwa mchawi ni ile inayotazama orki wengine watatu.

Nani amalize?

Anayehitaji uzoefu zaidi. Kupigana tu na adui wa ngazi ya kwanza kunakupa pointi 1. Kumuua kunakupa 8. Wa ngazi ya pili aliyeuawa analeta 16, wa ngazi sifuri 4. Adui akibaki na uhai 4, mpe mganga au mchawi nafasi, ikiwa kukosa kwake hakutaharibu mstari. Anayepanda ngazi anapona kabisa palepale, na hilo likitokea katikati ya vita ni kama umeletewa askari mpya.

Mpanda farasi wa mkuki anatisha, mbona anakufa haraka?

Kwa sababu akishambulia, nguvu yake inazidishwa mara mbili na ya anayemjibu pia. Mpeleke kwa mwanafunzi wa giza, ambaye hana silaha ya karibu: anapiga 18 mara mbili, harudishiwi kitu, na mwanafunzi ana uhai 28 tu. Mpeleke kwa mtu wa mkuki, naye mkuki unatangulia kupiga, unazidishwa, na farasi ana udhaifu wa kudungwa: 17 kila dungo, mara tatu. Uhai wake ni 38. Chagua shabaha, si wakati tu.

Mwizi anatumikaje?

Anapiga mara mbili ya nguvu yake ikiwa upande wa pili wa adui, moja kwa moja mkabala naye, amesimama mwenzako. Usiku, kisu chake cha 4 kinakuwa 10, mara tatu. Dwarfu awekwe mbele kwanza, mwizi azunguke. Akibaki pale nyuma baada ya adui kufa, yuko peke yake katikati ya maadui, kwa hiyo mtumie pale tu mstari wako unaposogea pamoja naye.

## Hali za pembeni

Tukipigana ndani ya pango?

Mapango mengi yana giza la kudumu, kwa hiyo wa usiku wanafaidi muda wote. Peleka madwarfu au elfi wasio na saa, ingawa elfi pangoni hawana kinga yao ya msituni. Mchawi wa mwanga akiwapo, vigae vinavyomzunguka vinaangaziwa.

Wamenitia sumu watu watatu. Niwarudishe wote?

Sumu inakula uhai 8 kila zamu, haiui bali inaacha 1. Kijiji kinaiondoa, lakini zamu ya kuondoa sumu haina uponyaji. Mganga wa uhai 4 anaizuia tu kwa zamu ile. Mrudishe mmoja au wawili, anayeweza kungoja agusane na mganga. Wote watatu wakitoka pamoja, orki wamepata walichokitaka. Ukiwa na wafu, sumu haiwagusi.

Kiongozi apigane?

Ndiyo, kwa kiasi. Ni ngazi ya pili au ya tatu, na kumwacha akae ngomeni mechi nzima ni kupoteza askari wako bora. Kama ana uwezo wa uongozi, kama luteni, wa ngazi ya chini wanaogusana naye wanapiga kwa robo zaidi kwa kila ngazi anayowazidi, na hiyo inajumlishwa na robo ya mchana. Asifike mahali ambapo maadui watatu wanaweza kumgusa.

Wote wawili tumechagua kundi lilelile. Nani ana nafasi?

Saa zenu ni moja na udhaifu wenu ni mmoja, kwa hiyo ushindi unatoka kwenye vijiji na kwenye kinga ya mahali. Usivuke nyasi kumfuata. Watiifu kwa watiifu, punguza farasi wa mkuki, kwa kuwa yeye naye amejaa mikuki, na ongeza mchawi wa kumtoa kijijini.

Umeme ukikatika katikati ya mechi?

Mchezo unajihifadhi wenyewe mwanzoni mwa kila zamu, isipokuwa mmezima huko kujihifadhi. Umeme ukirudi, fungueni faili ya mwisho na muendelee. Mapigo yanaweza kutoka tofauti na yale ya kwanza, kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba zamu iliyokatika inachezwa upya na hakuna atakayelalamika.

Tuna kompyuta moja tu. Tunaweza kushindana?

Mnaweza. Chagueni mechi ya hapohapo, mpokezane kiti. Mkiwasha ukungu (unaoficha askari walio mbali nawe), kioo kinafunikwa kati ya zamu ili mwenzako asione ulichonunua, basi mwambie yaya (kaka au dada mkubwa) aliyekaa nyuma yako asimtajie. Mkiwa na mbili na kifaa cha waifai, mmoja anakaribisha mechi na mwingine anaingia bila kutumia hata mega moja.